Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ni nchi gani inamtendea mtuhumiwa haki zaidi?

Haya ni maswali ninayoulizwa kila ninapozungumzia kesi za jinai za nchi mbalimbali. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito. Kuna jambo nitakalolirudia njiani. Ukitaka kujua haki ya nchi, usianzie kwenye katiba yake wala kwenye jengo la Mahakama ya Juu. Mwangalie mtu asiye na fedha wala jina, saa chache baada ya kukamatwa, na uulize ni nani amekaa naye chumbani.

"Haki" tunayoilinganisha ni ipi hasa?

Watu huchanganya mambo matatu. Kuna matokeo: mwenye hatia apatikane, asiye na hatia aachiwe. Kuna njia: mtuhumiwa aambiwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe muda na wakili, awahoji mashahidi wa upande wa mashtaka, asilazimishwe kujitia hatiani. Halafu kuna usawa, yaani hayo yote yawe yaleyale kwa tajiri na maskini, kwa mwenyeji na mgeni.

Njia ndiyo iliyoandikwa vizuri zaidi. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1966 na kuanza kutumika 1976, inazitaja karibu zote. Nchi zaidi ya 170 zimeuridhia. Kwa hiyo serikali inapolalamika kwamba inapimwa kwa kipimo cha kigeni, mara nyingi kipimo hicho ilikiridhia yenyewe. China ni mfano wa aina nyingine: ilisaini mwaka 1998 na mpaka leo haijauridhia.

Je, kuna orodha ya nchi kuanzia yenye haki zaidi hadi ya mwisho?

Ipo. Inayotajwa zaidi ni faharasa ya utawala wa sheria ya World Justice Project, inayopima nchi zaidi ya 140. Sehemu yake ya 8 inahusu haki jinai: upelelezi, kasi ya kesi, magereza, ubaguzi, rushwa, kuingiliwa na serikali, na haki za mshtakiwa. Nchi za kaskazini mwa Ulaya kama Denmark, Norway na Finland hukaa juu karibu kila mara.

Mimi huitumia, ila kwa tahadhari. Alama hizo hutoka kwenye maoni ya wananchi na ya wataalamu, na zikishajumlishwa zinakuwa wastani. Wastani hauoneshi anayeumia. Nchi inaweza kupata alama nzuri huku kundi moja dogo la raia wake likijaza magereza.

Takwimu za uhalifu ni hatari zaidi. Sweden huonekana kuwa na ubakaji mwingi kuliko nchi nyingi, na watu huisambaza namba hiyo bila kuuliza imehesabiwaje. Polisi wa Sweden huandika kila tendo peke yake, hata yakiwa mengi ya mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, na huyaandika pale tu yanaporipotiwa. Tafsiri ya kosa lenyewe pia ni pana, na tangu 2018 inajengwa juu ya ridhaa. Nchi inayohesabu hukumu tu itaonekana safi kwa kulinganishwa nayo. Hata takwimu za wanaorudia makosa zina mtego huo: huku anahesabiwa anayekamatwa tena, kule anahesabiwa anayefungwa tena.

Mfumo wa Uingereza na ule wa Ufaransa, upi una haki zaidi?

Katika mfumo wa Uingereza na nchi zilizourithi, Marekani ikiwemo, pande mbili huvutana na jaji hukaa katikati kama mwamuzi. Kila upande huleta mashahidi wake. Ufaransani na Ujerumani, jaji hulisoma jalada zima kabla ya kesi, huwahoji mashahidi yeye mwenyewe, na ana wajibu wa kuutafuta ukweli hata kama hakuna wakili aliyeuomba.

Kila mmoja una mahali unapovuja. Wa kwanza huvuja pande zinapokosa kulingana nguvu: huku kuna jeshi la wapelelezi na maabara, kule kuna wakili mmoja mwenye majalada mengi mezani ambaye amekutana na mteja wake asubuhi hiyohiyo. Wa pili huvuja kwenye jalada, kwa kuwa polisi wakiliandika vibaya, jaji anaanza safari na ramani mbovu. Na yule hakimu mpelelezi maarufu wa Ufaransa hushughulikia chini ya kesi 5 katika kila 100. Zilizobaki ziko kwa polisi na waendesha mashtaka.

Nchi hubadilika pia. Italia ilihamia mfumo wa pande mbili kuvutana mwaka 1989, Chile ikafanya hivyo hatua kwa hatua kati ya 2000 na 2005. Kwa maoni yangu asili ya mfumo inaeleza machache. Swali la nani yuko chumbani wakati wa mahojiano linaeleza mengi zaidi.

Kwa nini unaweka uzito mkubwa hivyo kwenye kituo cha polisi?

Kwa sababu kinachosemwa pale kinamfuata mtu mpaka mwisho, na hakuna kesi inayolionesha hilo kama ya Iwao Hakamada.

Hakamada alikuwa bondia wa zamani aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha miso mkoani Shizuoka, Japani. Mwaka 1966 familia ya watu wanne, ya mmoja wa wakubwa wa kiwanda hicho, iliuawa. Alikamatwa, akahojiwa kwa karibu siku 20, saa nyingi kila siku, bila wakili pembeni yake. Akakiri. Mahakamani akakana. Kisha, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, kesi ikiwa inaendelea, nguo zenye damu "zikapatikana" ndani ya pipa la miso. Alihukumiwa kifo mwaka 1968. Kwenye rufaa alijaribishwa suruali ile, haikumwenea, na hukumu ikabaki hata hivyo.

Fikiria hizo nguo kwa muda. Damu iliyokuwa juu yake bado ilikuwa na wekundu. Miaka mingi baadaye wataalamu walionesha kwamba damu ikikaa ndani ya miso zaidi ya mwaka huwa nyeusi. Hakamada aliachiwa mwaka 2014, na mwezi Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 88, mahakama ikamwona hana hatia na kusema wazi kwamba wapelelezi walitengeneza ushahidi. Mmoja wa majaji watatu waliomhukumu alijitokeza mwaka 2007 na kusema kwamba tangu mwanzo hakuamini kuwa ana hatia, ila alizidiwa kura na wenzake. Sisi tunaita kubambikiziwa kesi. Yeye ilimgharimu miaka zaidi ya 45 kizuizini, karibu yote akisubiri kunyongwa.

Japani bado inaruhusu mtuhumiwa kushikiliwa hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka, na wakili haruhusiwi kama haki kukaa ndani ya chumba cha mahojiano. Tangu 2019 mahojiano ya makosa mazito ni lazima yarekodiwe, lakini hizo ni sehemu ndogo ya kesi zote.

Ilinganishe na Uingereza na Wales. Sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984 ilileta mambo mawili ya kawaida kabisa: wakili wa zamu asiyelipwa na mtuhumiwa, na kinasa sauti mezani. Muda wa kawaida wa kushikiliwa ni saa 24. Kwa makosa mazito unaweza kuongezwa mpaka saa 96, lakini kufika huko ni lazima mahakimu waridhie. Bara la Ulaya lilichelewa zaidi. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kesi ya Salduz dhidi ya Uturuki, ya kijana aliyetiwa hatiani kwa maelezo aliyoyatoa polisi akiwa na miaka 17 bila wakili. Baada ya uamuzi huo Scotland ilibadilisha taratibu zake mwaka 2010, na Ufaransa mwaka 2011 ikaruhusu wakili akae ndani wakati mteja wake anahojiwa. Ndiyo, Ufaransa, mwaka 2011.

Japani hutia hatiani zaidi ya asilimia 99 ya washtakiwa. Je, hiyo ni kazi nzuri au ni dhuluma?

Namba hiyo peke yake haisemi lolote kati ya hayo. Waendesha mashtaka wa Japani huacha kuzishtaki kesi nyingi sana, na wanazozipeleka ni zile wanazojua watashinda. Tatizo ni kwamba mchujo huo unafanyika gizani na hutegemea mno kukiri. Jaji ambaye karibu hajawahi kumwachia mtu anapata shida kuamini kwamba aliye mbele yake leo ndiye wa kwanza.

Mtu akikiri kosa mwenyewe, tatizo liko wapi?

Inategemea alikiri akiwa anaogopa nini.

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitaja takwimu ambazo kila anayesifia kesi za kwenye televisheni anapaswa kuzijua: asilimia 97 ya hukumu za mahakama za shirikisho na asilimia 94 za majimbo zilitokana na watu kukiri, mara nyingi baada ya makubaliano na mwendesha mashtaka. Kesi kamili, yenye mashahidi na jopo la wananchi, ni jambo la nadra.

Makubaliano hayo hufanyika namna gani? Paul Hayes, wa jimbo la Kentucky, alishtakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88 na senti 30. Kosa lenyewe lilikuwa na kifungo cha miaka 2 hadi 10. Mwendesha mashtaka akamwambia: kiri, nitapendekeza miaka 5. Usipokiri, nitakushtaki upya kwa sheria ya wahalifu wa kurudiarudia. Hayes alikuwa na makosa mawili ya zamani, na kwa sheria hiyo adhabu ilikuwa maisha. Akakataa kukiri, akataka kesi yake isikilizwe. Akafungwa maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema mwendesha mashtaka hakuvunja katiba.

Pengo kati ya miaka 5 na maisha ndilo linalonisumbua. Pengo likiwa kubwa kiasi hicho, hata asiye na hatia akipiga hesabu vizuri atakiri. Ujerumani nayo iliruhusu makubaliano kisheria mwaka 2009, lakini mwaka 2013 Mahakama yake ya Katiba ikasisitiza kwamba kukiri pekee hakutoshi. Jaji bado ana wajibu wa kuthibitisha kwamba mambo yalitokea kweli. Kinga hiyo inategemea kama majaji wanaifuata, ila walau imeandikwa.

Dhamana ni haki ya kila mtu, sivyo? Kwa nini mahabusu wamejaa?

Duniani kuna wafungwa na mahabusu zaidi ya milioni 11, na takriban theluthi moja hawajahukumiwa. Kisheria hao hawana hatia. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la nyuma la mahakama ya chini anajua linavyokwenda: jina linaitwa, mtu anasimama, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, tarehe mpya inatajwa, mtu anarudishwa. Dakika 2 hazijafika.

India ilishtuka mwaka 1979. Katika kesi inayojulikana kwa jina la Hussainara Khatoon, Mahakama ya Juu iligundua watu katika magereza ya jimbo la Bihar ambao walikuwa wamesota rumande muda mrefu kuliko kifungo cha juu kabisa ambacho wangepewa kama wangekutwa na hatia. Wengi walikosa tu fedha za dhamana. Mahakama ikatamka kwamba kesi kusikilizwa haraka ni sehemu ya haki ya uhai na uhuru. Na bado, zaidi ya miaka 40 baadaye, karibu robo tatu ya waliomo magerezani India wanasubiri kesi zao. Uamuzi mzuri wa mahakama hauongezi majaji wala vyumba vya kusikilizia kesi.

Marekani tatizo ni bei. Kalief Browder alikamatwa New York mwaka 2010, akiwa na miaka 16, kwa tuhuma za kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000, familia yake haikuwa nazo. Alikaa kwenye gereza la kisiwa cha Rikers karibu miaka 3, sehemu kubwa akiwa peke yake kwenye seli, akikataa kukiri alichosema hakukifanya. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa. Miaka 2 baadaye alijiua.

Njia nyingine zipo. Uingereza ni kosa la jinai kukubaliana kumfidia mdhamini kwa hasara atakayoipata mshtakiwa akitoroka. Jimbo la Illinois lilifuta kabisa dhamana ya fedha mwezi Septemba 2023: jaji anaamua kama mtu ni hatari au atatoroka, na asipoona hivyo, mtu anakwenda nyumbani. Mfuko wake hauulizwi.

Wakili wa serikali anatosha?

Akilipwa na akipewa muda, ndiyo. Clarence Gideon alishtakiwa Florida mwaka 1961 kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool. Aliomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka 5. Gerezani akaandika ombi kwa penseli kwenda Mahakama ya Juu. Mwaka 1963 majaji wote 9 wakakubaliana naye, na kesi ikarudiwa akiwa na wakili. Wakili huyo alimbana shahidi mkuu kwa maswali ambayo Gideon hakujua kuyauliza, na jopo likamwachia huru baada ya takriban saa 1. Ushahidi wa tukio ulikuwa uleule, na mshtakiwa yuleyule.

Ndiyo maana nikiona nchi inayotoa wakili bure kwa kesi za mauaji tu, nahesabu kwamba washtakiwa wengi wa nchi hiyo hawana wakili. Kesi nyingi ni za wizi mdogo, ugomvi na dawa za kulevya.

Jopo la raia wa kawaida linasaidia?

Mara nyingi, ndiyo, likiundwa vizuri. Ripoti ya mbunge David Lammy ya mwaka 2017 kuhusu Uingereza na Wales ilikuta ubaguzi kwenye hatua nyingi za mfumo, lakini maamuzi ya majopo hayakuwa na tofauti kubwa kwa weusi na weupe. Watu 12 wakilazimika kujadiliana ana kwa ana, chuki ya mmoja hupata wa kuihoji.

Kinyume chake ni jimbo la Louisiana, Marekani. Kanuni yake ya kumtia mtu hatiani bila kura zote ilianzia kwenye mkutano wa katiba wa mwaka 1898, uliokusudia wazi kuzima sauti za Wamarekani weusi waliokuwa kwenye majopo. Ilidumu zaidi ya miaka 100, na Mahakama ya Juu ikaikataa mwaka 2020. Japani tangu 2009 huchanganya: majaji 3 na raia 6, wanaketi pamoja kwenye kesi nzito.

Faini moja kwa wote ndiyo usawa?

Hapana. Faini ileile kwa mtu mmoja ni chakula cha mwezi, kwa mwingine ni sarafu za mfukoni. Finland iliona hilo tangu 1921 na kuanza kupanga faini kwa siku za kipato: uzito wa kosa unatoa idadi ya siku, kipato cha mtu kinatoa thamani ya kila siku. Mwaka 2023 mfanyabiashara tajiri wa visiwa vya Åland, Anders Wiklöf, alikamatwa akiendesha kilomita 82 kwa saa kwenye barabara yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa. Faini yake ilikuwa euro 121,000. Napenda mfano huu kwa sababu hauhitaji mahakama mpya wala wakili. Ni hesabu tu.

Adhabu kali si ndiyo haki kwa waathirika?

Waathirika wana haki ya kusikilizwa na kuona kosa likichukuliwa kwa uzito. Ukali na uzito ni vitu viwili. California, chini ya sheria yake ya makosa matatu ya mwaka 1994, Leandro Andrade aliiba kanda za video za thamani ya takriban dola 150 na akapewa kifungo cha miaka 50 hadi maisha. Mahakama ya Juu ilikiacha kisimame mwaka 2003. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo hilo wakailegeza sheria wao wenyewe.

Norway, Anders Breivik aliua watu 77 mwaka 2011 na akahukumiwa miaka 21. Watu wengi husikia hapo na kukasirika. Wanachokosa kusikia ni kwamba hukumu yake ni ya kizuizi cha kinga, inayoweza kuongezwa kila akionekana bado ni hatari. Aliomba kuachiwa akakataliwa mwaka 2022, akarudi tena akakataliwa 2024. Nchi hiyo ilichagua kumpa utaratibu uleule inaompa kila mtu, na ninaheshimu uamuzi huo hata nikifikiria uchungu wa familia zile.

Mahali ninapokuwa mkali ni kwenye adhabu za lazima, zinazomfunga jaji mikono. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu mwaka 2017, ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji ni kinyume cha katiba, kwa kuwa inamnyima mtu nafasi ya kueleza hali yake kabla ya kuhukumiwa. Malaysia iliondoa adhabu ya kifo ya lazima mwaka 2023.

Ubaguzi unapimwaje?

Kwanza angalia uwiano. Wenyeji wa asili wa Australia ni karibu asilimia 4 ya watu wote wa nchi hiyo, lakini ni takriban theluthi ya waliomo magerezani. Hakuna kifungu cha sheria kinachosema "wafungwe hawa". Ni mlolongo: nani anasimamishwa barabarani, nani anashtakiwa badala ya kuonywa, nani anakosa dhamana kwa sababu hana anwani.

Kwenye hukumu, utafiti uliotumika katika kesi ya Warren McCleskey, mtu mweusi aliyehukumiwa kifo katika jimbo la Georgia, Marekani, ulionesha kwamba aliyemuua mtu mweupe alikuwa na uwezekano mara 4.3 zaidi wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyemuua mtu mweusi. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ilisema takwimu hazitoshi, lazima ioneshwe nia ya kubagua katika kesi hiyo mahususi. Jaji Powell, aliyeandika uamuzi huo, alisema baada ya kustaafu kwamba angeweza angeibadilisha kura yake. Hukumu ya kifo ya McCleskey ilitekelezwa mwaka 1991.

Vipi El Salvador? Watu wanasema sasa wanalala salama.

Swali hili naliheshimu, kwa sababu wanaoliuliza wengi wameishi na hofu. El Salvador ilikuwa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi zaidi duniani. Baada ya watu zaidi ya 80 kuuawa ndani ya siku 3 mwezi Machi 2022, serikali ilitangaza hali ya hatari dhidi ya magenge ya wahalifu, na tangu hapo watu zaidi ya 80,000 wamekamatwa. Mauaji yameshuka sana. Hilo ni kweli na lina maana kwa mama anayemtuma mtoto shuleni.

Ni kweli pia kwamba muda wa kushikiliwa bila kufikishwa mahakamani ulipanda kutoka saa 72 hadi siku 15, kwamba sheria ya 2023 inaruhusu mamia ya watu kushtakiwa pamoja katika kesi moja, na kwamba serikali yenyewe imewaachia maelfu ambao haikupata kosa lao. Usalama ni haki ya raia. Lakini katika kesi ya watu 500, wakili atamuuliza shahidi gani kuhusu mtu wa 312? Hapo hakuna anayepimwa kwa alichokifanya yeye.

Mahakama za kijadi au za jamii ni za haki?

Jibu linategemea unailinganisha na nini. Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilikuwa na zaidi ya watu 100,000 magerezani na majaji wachache mno waliobaki hai. Kwa mahakama za kawaida kesi hizo zingechukua miongo mingi. Mahakama za Gacaca, zipatazo 12,000, zilifanya kazi nchi nzima kuanzia 2005 baada ya majaribio ya 2002, zikafungwa mwezi Juni 2012 zikiwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2. Waliohukumu walikuwa wanakijiji waliochaguliwa na wenzao.

Watu walipata kujua ndugu zao walizikwa wapi. Hakuna mahakama ya kawaida ambayo ingewapa hilo kwa wingi ule. Lakini mawakili hawakuruhusiwa kutetea, baadhi ya tuhuma zilikuwa za visasi, na makosa ya askari wa upande ulioshinda vita hayakuguswa. Mimi siwezi kuipa Gacaca alama moja.

Mahakama ikikosea, nani anarekebisha?

Uingereza iliunda tume huru ya kupitia upya kesi mwaka 1997, baada ya fedheha kama ya wanaume 6 wa Birmingham waliokaa gerezani miaka 16 bila hatia. Nchi nyingi hazina chombo cha namna hiyo. Hata hivyo Andrew Malkinson, aliyefungwa kwa ubakaji ambao hakuufanya, alikataliwa na tume hiyo mara mbili kabla ya vinasaba kumsafisha mwaka 2023. Angeweza kufikiriwa kuachiwa baada ya miaka isiyozidi 7 kama angekiri. Hakukiri, akakaa 17.

Halafu kuna kesi za wasimamizi wa ofisi za posta za Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kutokana na mahesabu ya mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliokuwa na kasoro. Wengi wao walishtakiwa na shirika la posta lenyewe, yaani anayedai kuibiwa ndiye aliyekuwa mpelelezi na mwendesha mashtaka. Mwaka 1999 Bunge lilikuwa limefuta kifungu kilichomtaka mleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kwamba inafanya kazi sawasawa. Ikabidi mshtakiwa athibitishe kwamba ni mbovu, na hakuwa na njia ya kuingia ndani ya mfumo. Nyingi ya hukumu hizo zilifutwa kwa sheria maalumu mwaka 2024. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Nataka kulinganisha nchi mbili mwenyewe. Nianzie wapi?

Chagua kosa moja dogo, tuseme wizi wa simu, na mtu mmoja asiye na kazi. Mfuatilie katika nchi zote mbili. Anafikishwa mbele ya jaji baada ya saa ngapi? Akiwa polisi, wakili anakuja bila kulipwa, na mahojiano yanarekodiwa? Dhamana ni ahadi au ni fedha? Akikataa kukiri, adhabu inaongezeka kwa kiasi gani? Akifungwa kimakosa, anakwenda kwa nani baada ya rufaa kuisha?

Takwimu za magereza za nchi karibu zote zinakusanywa na World Prison Brief, na zinapatikana bure. Watu hukimbilia idadi ya wafungwa kwa kila watu 100,000. Mimi huanza na safu ya waliomo ndani ambao bado hawajahukumiwa, kisha natafuta wamekaa kwa muda gani.